Mama Lishe Aliyenitafsiri

Nilipostaafu ualimu nilibaki na magoti mabovu na jina zuri. Jina lenyewe halikutokana na kufundisha, lilitokana na kusuluhisha. Ilianza na wazazi waliogombania mpaka wa shamba la shule. Nikawakalisha chini, wakaelewana. Mchungaji akasikia, akaniita niwapatanishe wanakwaya wazee na wanakwaya vijana. Halmashauri nayo ikanipeleka semina, nikarudi na cheti na neno jipya la kujiita: mwezeshaji. Tangu hapo nikawa naitwa huku na huku, Njombe mjini, Kichiwa, Makambako. Nikiingia ukumbini watu walisimama. "Mwalimu amefika," walisema, na kelele zikapungua. Nakiri kwamba nilikuwa nachelewa dakika chache kwa makusudi ili nisikie maneno hayo.

Nalisema hili mapema kwa sababu ninachotaka kusimulia ni habari ya wivu, na wivu wangu ulianzia hapo hapo, kwenye kupenda kusikia kwamba nimefika.

Kiangazi kimoja mwenyekiti wa mtaa mmoja wa Kitandililo alinipigia simu. Bondeni kwao kulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ni kina mama wa vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima wakati wa kiangazi kwa kutegemea unyevu wa ardhi na kijito kinachopita. Wengi wao walikuwa Wabena, wajane na mabibi, waliolima hapo tangu walipoolewa. Upande wa pili ni vijana wa matofali. Hao walikuwa wametoka Makete, wakapanga vyumba mtaani, na kazi yao ilikuwa kuchimba udongo sehemu ya juu ya bonde, kufyatua matofali na kuyachoma. Makambako inakua, kila mtu anajenga, kwa hiyo hawakukosa kazi. Lakini mashimo yao yalikuwa yanayameza maji. Kijito kilifika kwenye vinyungu kikiwa chembamba kama uzi, na rangi yake chai ya maziwa. Kina mama walilalamika, hawakusikilizwa. Asubuhi moja vijana wakakuta matofali mabichi waliyoyaanika yamekanyagwa na ng'ombe, safu baada ya safu. Hakuna aliyesema ng'ombe ni wa nani. Vijana wakaapa kwamba watachimba mfereji na kukihamisha kijito kabisa.

"Mwalimu, njoo," mwenyekiti aliniambia. "Hawa watu watauana."

Nikapanda kosta asubuhi yake.

Tulikutania ukumbi wa usharika. Nilipanga viti mviringo kama nilivyofundishwa, nikabandika ukutani karatasi kubwa yenye masharti: kila mtu atasikilizwa, hakuna kukatizana, hakuna matusi. Nikawasalimia mabibi kwa Kibena, "Kamwene," wakaitikia kwa furaha. Mimi ni Mbena wa Lupembe, nimekulia kwenye mashamba ya chai. Mabibi wengine Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuza na kununua. Wakitaka kueleza jambo linalowauma walirudi kwenye Kibena, na mimi nikawa nawatafsiria vijana.

Katikati ya mkutano, kijana aliyekuwa kiongozi wa wenzake, mrefu, amevaa jaketi la kijani, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Tuna swali. Bibi pale ameongea muda mrefu mpaka amekohoa. Wewe umetupa maneno matano. Mengine yamekwenda wapi?"

Watu wakacheka. Nilimweleza kwamba mwezeshaji huchukua kiini cha hoja na kuacha makapi, ili mazungumzo yasiwake moto.

"Kiini na makapi tunavichambua wenyewe," alisema, bila ukali. "Tunaomba na sisi tuwe na mtu wetu anayesikia Kibena. Akae karibu na wewe. Basi."

Lilikuwa ombi la haki. Nilikubali mbele ya wote, na nilijiona mkubwa kwa kulikubali. Mkutano uliofuata wakaja na mtu wao.

Alikuwa mama lishe. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, kitambaa kichwani, mikono imepauka kwa kuosha sufuria. Alizaliwa Makete, akaolewa na Mbena wa Kitandililo akiwa binti, na kibanda chake cha makande na ugali kilikuwa pale pale njia ya bondeni. Vijana wa matofali walikula kwake mchana. Mabibi walimuuzia mboga asubuhi. Alisoma mpaka darasa la saba. Aliniamkia kwa kupiga goti kidogo, akakaa pembeni yangu, akaweka mikono mapajani. Nikamwona kama mtu wa kunishikia karatasi.

Siku hiyo aliyeanza kusema alikuwa bibi mkubwa kuliko wote, yule wa kukohoa. Alisema kwa Kibena, polepole, akiitazama sakafu. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikawageukia vijana.

"Bibi anasema mashimo yamemzibia maji, na anaomba tuheshimiane."

Mama lishe akanigusa kiwiko. "Samahani, mwalimu. Bibi amesema na mengine. Niyaseme?"

Ningemkataliaje? Ndiyo kazi aliyoletewa. Nikamruhusu kwa kichwa.

Hakusimama. Alimtazama bibi, si vijana, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza bei ya nyanya:

"Bibi amesema hivi. Mwaka aliokufa mume wangu, nyinyi vijana mlikuja nyumbani bila kuitwa. Mlileta matofali mkajengea kaburi, na nilipowauliza mkasema ni rambirambi yenu. Mimi niliwapa maboga na maharage mabichi kutoka kwenye kinyungu hicho hicho mnachokikausha. Sasa kila asubuhi nasimama pale natazama lile shimo. Nikitaka kuwatukana nakumbuka kaburi. Nikitaka kuwasamehe nakanyaga udongo mkavu. Nimechoka kusimama. Na wale ng'ombe walikuwa wangu. Niliwapitisha mwenyewe juu ya matofali yenu, na niliona raha."

Nilisikia upepo wa Makambako ukitikisa bati. Bibi alielewa kwamba limeshasemwa, akainua kichwa.

Kijana wa jaketi la kijani alisimama, akavua kofia. "Bibi," alisema, "lile kaburi nilijenga mimi. Mimi na huyu." Akamwonyesha mwenzake. "Hatukujua kama kile kinyungu ni chako. Tulidhani chako ni kile cha chini."

Mama lishe alimgeuzia bibi maneno yale kwa Kibena, na pale kijana aliposita kabla ya kusema "hatukujua", naye alisita. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kusukumwa aseme. Walisema kina mama, wakasema vijana, wakakasirika, wakacheka, wakarudi kukasirika. Kwa mara ya kwanza bonde lile lilizungumza. Na mimi nilikaa na kalamu yangu.

Niseme ukweli wangu hapa. Yale maneno ya bibi nilikuwa nimeyasikia yote. Niliyaacha kwa makusudi. Habari ya ng'ombe niliogopa ingempeleka bibi polisi, na habari ya kaburi niliiona ni ya machozi, itatuchelewesha. Niliamini namlinda. Sasa nilionekana mbele ya watu wote kama mtu aliyekalia haki ya mwenzake, na aliyenifichua hakuwa hata ananilaumu. Alinitazama akatabasamu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nimekosea mahali, mwalimu?"

"Hapana," nilimjibu. "Umesema vizuri."

Wakati wa chai, yule mama wa usharika anayegawa vikombe alimpa yeye kwanza. Nilihesabu hilo. Mchungaji alikuja akamshika mikono, akasema, "Mama, Mungu amekupa kitu." Miaka yote niliyofanya kazi hii mchungaji yule alikuwa ananiambia "asante kwa kazi nzuri", na sasa nikaona tofauti ya sentensi zile mbili. Afisa maendeleo wa halmashauri, ambaye alikuwa amekaa nyuma akiandika, akamuuliza amejifunzia wapi.

"Kwenye kupakua," alisema akicheka. "Hawa wanagombana kwangu kila mchana kuhusu nani kapewa nyama kubwa. Nisipowasikiliza, wananivunjia sahani."

Afisa akacheka mpaka akafuta macho, kisha akamwomba namba ya simu. Namba yangu alikuwa nayo tangu zamani. Sikumbuki kama aliwahi kucheka nikisema kitu.

Nilirudi Njombe jioni ile na mfuko wa maparachichi niliopewa na mwenyekiti. Mume wangu alikuwa anakoka moto kwenye jiko la mkaa, maana baridi ilikuwa kali.

"Mkutano umekwendaje?"

"Umekwenda vizuri."

"Mbona uso umeukunja?"

"Baridi," nikasema.

Kwa siku kadhaa nilimbeba yule mwanamke kichwani. Nikipika, nilimwona. Nikimwagilia kabichi, nilimsikia akisema "Bibi amesema hivi." Nilianza kutafuta kasoro zake. Kiswahili chake kina makosa, nilijiambia; anasema "kuludi" badala ya kurudi. Hajui taratibu, hajui kutunza muda, hajui kuandika kumbukumbu. Ana bahati tu kwamba ameolewa huku na kuzaliwa kule. Nilijiuliza: mimi nimesoma, nimehudhuria semina, nimetembea kata zote hizi kwa magoti yanayouma, halafu mtu anatoka na harufu ya moshi jikoni anakaa kwenye kiti nilichokipanga mimi? Nilijua mawazo hayo ni mabaya. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba ni mabaya. Bado niliyafuga.

Mkutano wa tatu ulipangwa Jumatano. Ndio uliokuwa wa kuonyeshana kwenye karatasi ni wapi vijana wachimbe na wapi wasiguse. Mama lishe alikuwa ameniambia mwenyewe, tukikunja viti: "Mwalimu, Jumatano nipo. Alhamisi naenda Makete kumchukua mama yangu, miguu imemvimba, nataka nimlete hospitali. Nitarudi Jumapili."

"Sawa," nilimwambia. "Mungu amsaidie."

Jumanne nilimpigia mwenyekiti. "Nimepata dharura," nilisema. "Jumatano sitaweza. Tufanye Ijumaa."

"Ijumaa sawa. Na mkalimani?"

"Nitazungumza naye."

Sikuzungumza naye. Dharura yenyewe haikuwepo. Jumatano ile nilikaa uani nikamenya viazi, vingi kuliko tulivyohitaji, na mume wangu akauliza kama tuna wageni.

Ijumaa niliingia ukumbini, watu wakasimama. "Mwalimu amefika." Nililisikia tena lile neno, na nilishiba. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu. Nikaweka mkoba wangu juu yake.

Mwanzo tulienda vizuri. Tulichora bonde kwenye karatasi, kijito kwa kalamu ya bluu, vinyungu kwa kijani. Kisha mama mmoja mnene, mwenye sauti kubwa na utani mwingi, akasema kwa Kibena kwamba hawa vijana ni wanawe, tatizo lao ni kwamba hapa mjini hawana mama wa kuwafokea, ndiyo maana wanachimba ovyo kama nguruwe pori. Mabibi wakacheka. Ulikuwa utani wa upendo, kwa namna yetu.

Nikawageukia vijana. "Mama anasema anawaona kama watoto wake wa kuwazaa."

Kijana mmoja nyuma, ambaye alikuwa ameokota Kibena kidogo hapo mtaani, akasimama. "Hapana. Amesema hatuna mama. Na amesema nguruwe. Nimesikia."

"Amesema, lakini maana yake..."

"Kwa hiyo amesema."

"Amesema kwa utani."

"Basi ungetuambia amesema, halafu utuambie ni utani." Nilikuja kujua baadaye kwamba mama yake alikuwa amefariki mwaka ule ule. "Mwalimu, wewe unatuchagulia cha kusikia."

Yule mama mnene alishangaa, akaniuliza kwa Kibena kijana amekasirika nini. Nikamwambia ameelewa vibaya. Kijana wa jaketi la kijani alikuwa ananitazama muda wote huo.

"Mama yetu wa makande yuko wapi leo?" aliuliza.

"Amesafiri."

"Tulipangiwa Jumatano. Jumatano alikuwepo. Nani kabadilisha?"

Mwenyekiti akanitazama. Vijana wakainuka mmoja mmoja. Hawakutukana. Walipanga hata viti walivyokalia, wakavipandisha kimoja juu ya kingine kwenye kona, wakatoka.

"Mwalimu," mwenyekiti aliniuliza tukiwa mlangoni, "yule mama alikuambia kwamba atasafiri?"

"Sikumbuki," nikasema.

Kabla sijapata gari la kurudi Njombe, habari ilitufikia kwamba vijana wameanza kuchimba mfereji. Walichimba Ijumaa ile mpaka jioni, na Jumamosi kutwa. Kina mama nao wakaanza kusema watakwenda polisi. Mwenyekiti alinipigia Jumamosi jioni, sauti yake imechoka, akasema wakimaliza mfereji yeye hataweza tena kuwazuia watoto wa kiume wa kina mama wale wasishuke bondeni na mapanga. Hakuniita tena nije. Alinipa taarifa tu, kama anavyompa mtu ambaye hahusiki.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikwenda stendi ya Njombe, maana gari za Makete lazima zipite pale. Nilisimama na shali yangu tangu asubuhi. Wauza karanga walinizoea. Kila gari la Makete lilipoingia nilitamani mama lishe awemo, na nilitamani asiwemo.

Alishuka mchana. Alimshusha kwanza mama yake, kikongwe aliyefungwa blanketi, miguu imevimba kweli, amevaa kandambili za kiume kwa sababu nyingine hazikumtosha. Nilipoiona ile miguu nilitaka kuondoka. Mama lishe akaniona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Pole na safari. Poleni."

"Asante. Nisaidie kushika huu mfuko."

Niliupokea. Tulimkalisha mama yake kwenye benchi, nikanunua chai na mandazi, na nikaanza kueleza. Nilianza kwa kuzunguka, nikamwambia mkutano ulikuwa mgumu, kumetokea kutoelewana. Akaniacha niseme. Kisha akasema:

"Mwenyekiti alinipigia juzi. Aliniuliza kama nilikuambia nasafiri. Nikamwambia sijui, labda nilisahau kumwambia mwalimu." Alimega andazi, akampa mama yake. "Nilikumbuka vizuri kwamba nilikuambia. Sikutaka wewe uaibike kabla sijajua sababu yako. Una sababu?"

Nilikuwa nimeandaa sababu mbili tatu. Zote ziliniishia.

"Nilikuonea wivu," nikasema.

Alinitazama kama hakusikia. "Wivu wa nini? Mimi?"

"Wewe. Wanavyokusikiliza."

Hakunifariji. Hakusema kwamba na yeye ananiheshimu, wala kwamba haya ni mambo ya kibinadamu, maneno ambayo mimi ningeyasema kama ningekuwa yeye. Alikuwa amekasirika, na nilimwona akijizuia kwa sababu ya mama yake.

"Wale watoto wanachimba tangu juzi," alisema mwishoni. "Wakikatana mapanga, mimi ndiye ninayewapikia. Unajua hilo?"

"Najua."

"Utawaambia? Wote? Si mimi tu hapa stendi."

"Nitawaambia."

Akatoa simu, akampigia kijana wa jaketi la kijani. Aliongea Kikinga, lugha ya kwao Makete; sikuelewa hata neno moja, na kwa mara ya kwanza nilijua vijana wale walivyokuwa wanajisikia nikiongea na mabibi. Aliongea kwa ukali kidogo, akasikiliza, akaongea tena. Akakata. "Wameweka majembe chini mpaka Jumanne," alisema. "Sasa twende hospitali, mama anaumia."

Nilikwenda nao. Nilikaa kwenye foleni pamoja nao mpaka mama yake akapewa kitanda.

Jumanne niliwahi kufika. Ukumbi ulikuwa mtupu na nilipanga viti peke yangu. Walipoingia hakuna aliyesimama, maana nilikuwa nimekaa tayari. Mama lishe alikaa pembeni yangu. Nilikuwa nimepanga kusema kwa Kibena kwanza, ili mabibi wanielewe, nikaona nitakuwa nimerudia kosa lile lile. Nikasema kwa Kiswahili.

"Mkutano wa Ijumaa niliuvunja mimi. Haikuwa dharura. Nilijua mama huyu hatakuwepo, ndiyo maana nikahamisha siku. Nilifanya hivyo kwa sababu ya wivu, kwa kuwa yeye mnamwamini kuliko mnavyoniamini mimi. Na nilimdanganya mwenyekiti. Naomba mnisamehe."

Kisha nikasubiri nitafsiriwe.

Nimezaliwa na Kibena. Ndiyo lugha niliyofokewa nayo na kubembelezwa nayo. Na nilimsikia mwanamke yule wa Makete akiyasema maneno yangu kwa lugha ya mama yangu, moja baada ya jingine. Hakupunguza. Alipofika kwenye wivu alitumia neno lile ambalo kina mama wa kwetu walilitumia kwa wake wenza, hakutafuta laini zaidi. Kulikuwa na nafasi ya kuongeza. Angeweza kusema kuhusu mama yake na ile miguu, kwamba nilijua ni mgonjwa. Mimi sikuwa nimelisema hilo. Naye hakulisema. Alisema nilichosema, akanyamaza.

Wapo mabibi waliotazama pembeni kwa aibu kwa niaba yangu. Bibi wa kukohoa alinitazama muda mrefu, akasema kitu kifupi.

"Amesema," mama lishe akawaambia vijana, "haya, tumesikia. Sasa turudi kwenye mashimo."

Tukarudi kwenye mashimo. Kwanza yule mama mnene alimwambia kijana aliyefiwa pole, akaurudia utani wake wote mbele yake, ukatafsiriwa wote, nguruwe na kila kitu, na kijana akajikuta anacheka huku macho yamemlowa. Ilichukua mikutano mingine miwili. Vijana walikubali kuufukia mfereji na mashimo ya juu, wakapewa sehemu ya udongo chini ya vinyungu, mahali ambapo mashimo hayamnyimi mtu maji. Ili wapate sehemu hiyo mama mmoja ilibidi ahamie kinyungu kingine, na mpaka leo anasema kile cha zamani kilikuwa na rutuba zaidi. Tukikutana sokoni Makambako ananisalimia kwa mdomo tu. Vijana wawili hawakupenda makubaliano, wakahamia Kichiwa. Bibi hakupelekwa polisi. Walimwambia awalishe maharage msimu mzima, naye akawalisha, akilalamika.

Ningependa kuandika kwamba wivu wangu uliishia ukumbini siku ile. Ulitulia kwa siku kama kumi tu. Kisha afisa maendeleo alinipigia simu.

"Mwalimu, kuna mazungumzo kule Lupembe," alisema. "Wakulima wadogo wa chai na madereva wanaokusanya majani. Kila upande una malalamiko yake."

"Lupembe ni nyumbani," nikasema, na moyo ulinipanda. "Nipo tayari."

"Ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nataka kukuuliza kuhusu yule mama wa Kitandililo. Unafikiri ataweza kuongoza? Wewe ndiye umefanya naye kazi kwa karibu."

Nilisimama uani nimeshika simu. Kulikuwa na sekunde kadhaa ambazo ningeweza kusema hana elimu, au ana mgonjwa nyumbani, na vyote vilikuwa kweli.

"Ataweza," nikasema. "Mpe mtu wa kumwandikia kumbukumbu. Kuandika hapendi."

"Utakuwa wewe?"

"Hapana," nilijibu haraka mno. "Magoti."

Alikwenda Lupembe. Alinipigia kabla ya kwenda, akaniuliza kuhusu koo za kule, nani asikae karibu na nani, na nilimweleza kwa saa nzima, kila nilichokijua, mpaka salio lake likaisha nikampigia mimi. Wiki mbili baadaye mdogo wangu wa kike, ambaye ana shamba la chai kule kule tulikozaliwa, alinipigia akiwa na furaha.

"Dada, huyo mama mliyetuletea! Madereva wamekubali kupita siku walizosema, na sisi tumekubali kutolundika majani barabarani. Halafu ametusikiliza jamani, hata bibi zetu wamemwimbia."

"Nimefurahi," nilisema.

"Na Kibena chake! Mtu wa Makete! Anaongea Kibena kizuri kuliko wewe."

Mume wangu alikuwa ameketi karibu, akaniona uso. Hakuuliza kama ni baridi. Nilimwambia mdogo wangu amsalimie sana huyo mama, nikakata simu, nikachukua jembe nikaenda kupalilia kabichi, kwa nguvu, mpaka nikang'oa mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote.